Hadithi, Nyimbo na Sinema

Hadithi ni msafiri asiyekaa mahali pamoja. Huzaliwa katika kinywa cha bibi kando ya moto, huhamia kitabuni, hutoka kitabuni ikapanda jukwaani, na tangu karne ya 20 ilipoanza imekuwa ikiingia pia katika sinema. Kila ihamapo hubadili mavazi. Na mara nyingine hubadilika tabia pia, hata mtu aliyeijua zamani akikutana nayo njiani aweza kuipita asiisalimu. Habari za safari hiyo ndizo ninazotaka kuzieleza katika insha hii, na hasa safari ya hadithi zenye nyimbo na mapenzi, kwa kuwa hizo zimependwa sana katika Afrika ya Mashariki.

Sababu ya kuziandika ni swali la mwanafunzi. Nilikuwa nikifundisha katika shule moja hapa Kanduyi, karibu na njia panda ya barabara kuu iendayo Malaba na ile iingiayo mjini Bungoma. Tulikuwa katikati ya hadithi ndefu, na jua la alasiri lilikuwa limekwisha kuwalegeza wengi, ndipo kijana mmoja wa safu ya nyuma alipoinua mkono akasema, "Mwalimu, ikiwa hadithi hii ina filamu, na filamu huisha kwa saa mbili, kuna faida gani kusumbuka na kurasa 200?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa la haki, na jibu sikuwa nalo. Nikamwambia aketi tuendelee na somo. Usiku ule niliona haya. Mwalimu amnyamazishaye mwanafunzi kwa sababu hana jibu amemfundisha somo moja tu, nalo ni kunyamaza. Basi insha hii ni deni langu kwa kijana yule, na kwa kila msomaji mwenye swali kama lake.

Kwanza ijulikane kuwa sinema ilizaliwa bubu. Kwa miaka zaidi ya 30 picha zilikwenda mbio juu ya kiwambo cheupe bila kutoa sauti. Maneno ya wachezaji yaliandikwa katikati ya picha, na mpiga kinanda aliketi mbele ya watazamaji akawapigia muziki wa huzuni au wa furaha kwa kadiri ya tukio. Mwaka 1927, huko Marekani, ilitolewa filamu iitwayo The Jazz Singer. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ambamo watu waliwasikia wachezaji wakiimba na kusema kwa sauti iliyokwenda sawasawa na picha. Mambo mawili ya filamu hiyo yafaa kukumbukwa. La kwanza, habari yake ni ya mwimbaji: kijana wa Kiyahudi avutwaye upande mmoja na nyimbo za ibada za baba yake, na upande wa pili na muziki wa mjini. La pili, haikutungwa kwa ajili ya sinema. Ilianza kuwa hadithi fupi ya Samson Raphaelson iliyochapishwa mwaka 1922, kisha ikawa mchezo wa jukwaani mwaka 1925. Kwa hiyo siku ile sinema ilipofungua kinywa chake iliimba, na hadithi ya wimbo huo iliazimwa kwa mwandishi. Liko na jambo la tatu, nalo ni chungu: mwimbaji mwenyewe, Al Jolson, alijipaka weusi usoni ili aimbe kwa sura ya mtu mweusi. Sauti ya sinema ilipoanza kusikika, sura yetu ilikuwa imekwisha kuvaliwa na mwingine. Jambo hili tutalirudia.

Uhindi haikukawia. Tarehe 14 Machi 1931, mjini Bombay, ilionyeshwa Alam Ara ya Ardeshir Irani, filamu ya kwanza ya nchi hiyo yenye kusema. Nayo pia ilitokana na mchezo wa jukwaani, ulioandikwa na Joseph David, na ndani yake mlikuwa na nyimbo 7. Mwaka uliofuata ikatoka Indrasabha, iliyotokana na mchezo wa zamani wa karne ya 19, ikiwa na nyimbo zipatazo 70. Tangu hapo filamu ya Kihindi isiyo na nyimbo ikawa kama karamu isiyo na wali: yawezekana, lakini wageni watauliza.

Msomaji aweza kudhani kwamba mchezaji anayeonekana akiimba katika filamu hizo ndiye mwenye sauti. Mwanzoni ilikuwa hivyo, na kazi ilikuwa ngumu, kwa kuwa mchezaji alipaswa kuimba na kuigiza kwa wakati mmoja mbele ya chombo cha kunasia sauti. Katika miaka ya 1930 mafundi walipata njia nyingine. Wimbo ulirekodiwa kwanza na mwimbaji hodari. Kisha ukapigwa wakati wa kupiga picha, na mchezaji akawa kazi yake ni kuchezesha midomo kwa kuufuatisha. Katika filamu ya Awaara ya mwaka 1951 macho humwona Raj Kapoor, lakini masikio humsikia Mukesh. Hivyo mpenzi wa kwenye kiwambo ana mwili wa mtu mmoja na sauti ya mtu mwingine, na maneno anayoyaimba yametoka katika kalamu ya mtu wa tatu. Hadithi katika sinema ni mali ya wengi, na mara nyingi mwenye kuonekana siye mwenye kuitunga.

Filamu hizi zilivuka bahari upesi. Katika miji ya pwani, Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, majumba ya sinema yalikuwapo tangu kabla ya Vita Kuu vya Pili, na watu wa kila kabila walijaa humo. Zilikuja filamu za Misri, mathalan zile za Mohammed Abdel Wahab na za Umm Kulthum, ambaye alionekana mara ya kwanza katika Wedad mwaka 1936. Zilikuja kwa wingi zaidi filamu za Uhindi. Watazamaji wengi hawakujua Kiarabu wala Kihindi. Walakini walilia palipostahili kulia, wakacheka palipostahili kucheka, wakatoka nje wakipiga mbinja nyimbo walizozisikia mara moja tu. Mapenzi yaliyozuiwa na baba mwenye mali, mama aliyeachwa, maskini aliyedharauliwa: mambo haya hayakuhitaji mkalimani, kwa kuwa kila mtaa ulikuwa na mfano wake.

Hapa watu wa pwani walifanya jambo la akili ambalo wanafunzi wa leo wafaa kulijua. Hawakuridhika kuzisikiliza nyimbo za filamu na kuziacha. Walizichukua sauti zake wakazitia maneno yao. Mjini Mombasa, Juma Bhalo, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2014, alipata sifa kubwa kwa taarabu iliyofuata mahadhi ya filamu za Kihindi, na mengi ya mashairi aliyoyaimba yalitungwa na malenga Ahmad Nassir. Mahadhi yalikuwa ya mgeni, lakini vina na mizani vilikuwa vya Mvita, na mafumbo yake yalieleweka na mswahili peke yake. Aliyeazima kanzu akaishona upya kwa kipimo cha mwili wake, nani atasema kuwa kanzu si yake? Watu hao waliweza kuazima bila kupotea kwa sababu walikuwa na ushairi wao tayari, uliokwisha kukomaa, wa kuupokelea muziki wa ugenini. Mtu asiye na chombo cha kutekea hata mvua inyeshe vipi hatapata maji.

Kabla ya kuondoka Uhindi, tutazame mfano mmoja wa kitabu. Mwaka 1917 mwandishi wa Bengali, Sarat Chandra Chattopadhyay, alitoa hadithi iitwayo Devdas. Ni habari ya kijana wa ukoo wa heshima ampendaye msichana jirani yake, akakosa ujasiri wa kuwapinga wazee wake, kisha akajiangamiza kwa pombe. Hadithi hiyo ilifanywa filamu bubu mwaka 1928. Katika miaka ya 1930 ikafanywa tena, safari hii kwa sauti na nyimbo. Mwaka 1955 Dilip Kumar akamwigiza Devdas. Na mwaka 2002 akamwigiza Shah Rukh Khan, katika majumba ya vioo na mavazi ya thamani ambayo msomaji wa kitabu hawezi kuyakuta popote katika kurasa zake. Kitabu ni kimoja, na filamu ni nyingi. Kila kizazi kimekichukua kitabu kile kikakifanya kioo cha kujitazamia. Filamu zazeeka, zapitwa na mtindo, na nyingine hupotea kabisa; kitabu kipo palepale kikingoja mfasiri wa kesho.

Huku kwetu bara mambo yalikuwa mengine. Mkulima wa kando ya mto Nzoia hakuwa na jumba la sinema la kwendea jioni. Sinema ilimjia kwa lori. Kati ya mwaka 1935 na 1937 uliendeshwa mradi uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara huko Tanganyika, kwa fedha zilizotoka katika shirika la Carnegie la Marekani. Wasimamizi wake walikuwa Wazungu wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu zipatazo 35, wakazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi jirani. Picha zenyewe zilikuwa bubu, na maelezo yalisikika kutoka kwenye santuri iliyopigwa pamoja nazo, kwa Kiswahili na kwa lugha nyinginezo. Zilieleza nini? Zilieleza kodi, benki ya akiba ya posta, mmomonyoko wa udongo, na safura. Ni mambo yenye manufaa, sikatai. Lakini mtu aliyetoka shambani akatembea maili kadhaa gizani ili aone ajabu ya picha zitembeazo alionyeshwa choo na jembe.

Baadaye, mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda idara ya filamu kwa ajili ya makoloni yake, nayo ikadumu hadi mwaka 1955. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kuwa Mwafrika asiyezoea sinema hawezi kufuata picha zibadilikazo upesi. Apewe hadithi nyepesi, iende polepole, isiwe na hila za kamera. Fikiri, msomaji. Katika miaka iyo hiyo ambayo mabwana wale walikuwa wakipima akili ya Mwafrika, Waafrika wa Unguja na Dar es Salaam walikuwa wakikaa katika majumba ya sinema wakifuata filamu za Kihindi za saa tatu, zenye ndoto ndani ya ndoto na nyimbo ndani ya nyimbo, katika lugha wasiyoijua, wakatoka nje wakibishana juu ya tabia za wachezaji. Akili haikuwa na kasoro. Kilichokosekana katika filamu za lori kilikuwa ni hadithi, nao wasimamizi wakadhani kimekosekana kichwa cha mtazamaji.

Huku hayo yakitendeka, Ulaya na Marekani zilikuwa zikitengeneza filamu juu ya Afrika, nazo zilitokana na vitabu. Chukua kitabu cha H. Rider Haggard kilichotoka mwaka 1885, ambacho kilifasiriwa kwa Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, na kikasomwa na wanafunzi wengi wa Afrika ya Mashariki. Katika kitabu, wanaume watatu wa Kizungu wafunga safari kwenda kumtafuta ndugu wa mmoja wao na hazina iliyofichwa. Hakuna mwanamke wa Kizungu katika safari hiyo. Mapenzi yaliyomo ni baina ya Mzungu mmoja, Good, na Foulata, msichana wa Kiafrika aliyemwuguza, naye afa kabla ya mwisho. Filamu ya mwaka 1937 ilitia mwanamke wa Kizungu ambaye hakuwamo. Filamu ya mwaka 1950, ambayo picha zake zilipigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, ilitia mwanamke mwingine wa Kizungu, ikamfanya kuwa mpenzi wa kiongozi wa safari, na Foulata akafutwa na mapenzi yake. Mandhari yalikuwa yetu, milima yetu, wanyama wetu na ngoma zetu. Lakini msichana wa Kiafrika aliyekuwa na nafasi ya kupendwa katika kitabu hakuwa na nafasi hiyo katika filamu iliyopigwa katika nchi yake.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Mwaka 1935 ilitolewa London filamu iitwayo Sanders of the River, iliyotokana na hadithi za Edgar Wallace juu ya mtawala Mwingereza na watu wa mtoni katika Afrika ya Magharibi. Aliyeigiza Bosambo, mkuu wa Kiafrika, alikuwa Paul Robeson, Mwafrika wa Marekani aliyejaliwa sauti nzito ya ajabu. Robeson alikubali kazi hiyo kwa tumaini kwamba nyimbo na desturi za Waafrika zitaonyeshwa kwa heshima, na sauti yake ndiyo iliyoipa filamu ile uhai. Lakini ilipokamilika alikuta ni sifa za utawala wa wageni tangu mwanzo hadi mwisho, na Bosambo wake amekuwa mtumishi mtiifu wa Sanders. Baadaye aliikana waziwazi. Sauti yake tamu ilikuwa imebeba maneno asiyoyaamini, kama punda abebaye mzigo uliofungwa na mwingine.

Katika kundi la Waafrika walioajiriwa kujaza kijiji cha mchezo huo alikuwamo mtu mmoja kutoka Kenya aliyekuwa akiishi Uingereza, naye alihitaji fedha. Jina lake lilikuwa Jomo Kenyatta. Mwaka 1938 alitoa kitabu chake juu ya maisha ya Wagikuyu, Facing Mount Kenya. Mwaka 1963 akawa Waziri Mkuu wa Kenya, na mwaka 1964 Rais. Sisemi haya kwa kumcheka, kwani njaa ya ugenini haina bwana. Nayasema kwa sababu yaonyesha tofauti iliyopo baina ya kusimama katika hadithi ya mtu na kuandika hadithi yako. Ndani ya filamu ile Kenyatta alikuwa sura moja tu katika umati, hana jina. Miaka mitatu baadaye, kwa kalamu yake mwenyewe, alikuwa msemaji.

Tanganyika nayo ilikuwa na mfano wa kufanana na huo. Mwaka 1952 ilitengenezwa huko filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, yenye habari za mtu wa shamba aendaye mjini akapambana na hila za watu wa huko. Aliyekuwa mchezaji mkuu ni kijana mmoja mfanyakazi wa serikali, Rashidi Kawawa. Watu waliipenda, kwa kuwa walisikia lugha yao ikitoka kinywani mwa mtu wa kwao, na maskini aliyepotea mjini walimjua. Kawawa akaendelea kuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Kutoka kwenye kiwambo hadi kwenye kiti cha serikali ilikuwa miaka 10 tu.

Baada ya uhuru, kamera ilianza kushikwa na Waafrika wenyewe, na hadithi za nyimbo na mapenzi zikapata sura nyingine. Mwaka 1987 katika Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule, ilitolewa La Vie est Belle, iliyoongozwa na Ngangura Mweze pamoja na Benoît Lamy. Mchezaji wake mkuu ni Papa Wemba, mwanamuziki mwenyewe, akiigiza kijana maskini atokaye shambani kwenda Kinshasa kutafuta sifa ya uimbaji, akampenda msichana ambaye tajiri wake anamtaka awe mke wa pili. Humo hamna mtawala wa Kizungu wa kuamua mambo. Ujanja, upumbavu na mapenzi yote ni ya watu wa Kinshasa, na muziki ni ule ule uliokuwa ukipigwa katika mabaa ya Bungoma na Kitale. Papa Wemba aliimba hadi siku yake ya mwisho. Alianguka jukwaani mjini Abidjan mwezi wa Aprili mwaka 2016, akafariki.

Filamu nyingine ambayo wanafunzi wengi wa Kenya wameiona ni Sarafina! ya mwaka 1992. Nayo kabla ya kuwa filamu ilikuwa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, uliotungwa na Mbongeni Ngema na kuonyeshwa Johannesburg mwaka 1987, na Leleti Khumalo aliyekuwa Sarafina jukwaani ndiye aliyekuwa Sarafina katika sinema. Msingi wake ni maasi ya wanafunzi wa Soweto ya tarehe 16 Juni 1976, walipokataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikana. Nimewaona wanafunzi wakiitazama filamu hiyo kimya, halafu juma zima wakaimba nyimbo zake katika lugha wasiyoijua, kama walivyofanya watu wa pwani kwa nyimbo za Kihindi. Tofauti ni kwamba safari hii waliimba habari za wanafunzi kama wao.

Hapa Kenya safari inaendelea. Mwaka 1992 Anne Mungai alitoa Saikati, habari za msichana wa Kimaasai anayekimbia ndoa ya kulazimishwa. Mwaka 2018 Wanuri Kahiu alitoa Rafiki, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, hadithi iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes. Lakini kwa kuwa ilieleza mapenzi ya wasichana wawili, ilipigwa marufuku nchini, hata Mahakama Kuu ilipoamuru mwezi wa Septemba mwaka ule iruhusiwe kuonyeshwa kwa siku saba. Watu wana maoni mbalimbali juu ya jambo hilo, nami simwamulii mtu. Natia alama mahali pamoja tu: hadithi fupi ilikwisha kuchapishwa na kutuzwa miaka 11 kabla, na mshindo ulitokea ilipoingia katika sinema. Kitabu hunong'ona na msomaji mmoja mmoja, na sinema husema na umati. Ndiyo maana wenye mamlaka wa kila zama, tangu wakoloni hadi leo, wameitazama kwa jicho kali zaidi.

Sasa naweza kumjibu kijana wangu. Filamu si adui wa kitabu. Yaweza kumfikia asiyejua kusoma, yaweza kutupa sauti na sura ambazo maneno peke yake hayawezi kuzichora, na wimbo mmoja uliowekwa mahali pake waweza kufanya kazi ya kurasa kumi. Lakini kila ajaye kuifanya filamu hukata, huongeza na hugeuza, maana saa mbili hazitoshi mambo yote. Kukata si kosa. Kosa ni kutojua kilichokatwa, na aliyekikata, na sababu yake. Sisi tunajua kwamba Foulata alifutwa kwa sababu tu kitabu kipo, na aliyekisoma aweza kuinuka akasema, "Huyu alikuwapo." Kitabu ni shahidi. Hata shahidi huyo si malaika, kwani Haggard naye aliitazama Afrika kwa macho ya wakati wake, na ni wajibu wetu kumhoji. Lakini kesi isiyo na shahidi huamuliwa na mwenye sauti kubwa. Soma kurasa 200, mwanangu, ili siku watakapokuonyesha filamu uweze kutoa ushahidi.

Na tuseme hadithi haijaandikwa? Hapa kwetu wazee wa Kibukusu husimulia habari za Mango, aliyeingia pangoni mwa joka Yabebe lililokuwa likiwamaliza watu na mifugo, akalingojea, na liliporudi akalikata kichwa. Kwa ushujaa huo akatahiriwa, na kwake, wasema wazee, ndiko ilikoanzia tohara ya Wabukusu. Hata leo, mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa pili, wavulana wakirudi kutoka mtoni alfajiri miili imepakwa matope, huimbiwa sioyaye, na maelfu ya watu hujua kuitikia. Hadithi hiyo ina hofu, ina ushujaa, ina wimbo, na ina sauti ya litungu ya kuisindikiza. Siku moja mtu atakuja na kamera. Labda atatoka mbali, na labda atatoka papa hapa Kanduyi. Ataongeza asiyekuwamo na kumfuta aliyekuwamo, kama wafanyavyo wote. Je, kutakuwa na mtu wa kuinuka na kusema, "Huyu alikuwapo"?

Juma lililofuata swali lile, nilirudi darasani nikamwomba radhi yule kijana mbele ya wenzake. Kisha nikawapa wote kazi ya likizo: kila mmoja aende kwa babu au bibi yake, asikilize hadithi moja yenye wimbo, aiandike kama alivyoisikia bila kuipunguza, na aandike jina la aliyemsimulia. Madaftari 43 yalirudi. Mengine yana makosa ya tahajia, na nyimbo nyingine zimekatika katikati kwa kuwa msimulizi alisahau. Daftari la kijana wa safu ya nyuma lilikuwa na kurasa 19. Chini ya ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika kwamba babu yake alichoka kabla hadithi haijaisha, na kwamba amepanga kurudi.